Mkurugenzi wa Banda la Juu

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Nimekata shauri. Kuku hawalali tena stoo! Leo alfajiri jogoo, ambaye mke wangu anamwita Mwenyekiti, amewika mlangoni pa chumba chetu kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Niliruka nikagonga kichwa kwenye kabati. Mke wangu hata hakugeuka. Amezoea.

Niseme ukweli humu, maana humu hasomi mtu. Tangu kiwanda cha viatu kifungwe, na mimi msimamizi wa bohari nirudishwe nyumbani na saa ya ukutani ya kuagwa, tunaishi kwa mayai ya mke wangu. Sina kinyongo. Kinyongo kidogo tu.

Mchana nimemweleza mpango. Banda kubwa, tena la juu, lenye miguu, lisifikiwe na panya, nguchiro wala unyevu. Akasema banda la kawaida lingetosha. La kawaida! Mabanda ya kawaida ni ya watu wa kawaida.

Akanipa sharti. Jumamosi ya wiki ijayo Mama Mikate, mwenye tanuri pale njia panda, anakuja kuangalia mayai. Akiridhika, atachukua mayai yetu yote kila wiki. Banda likiwa limefanya kazi hadi siku hiyo, mradi mzima nausimamia mimi. Lisipofanya kazi, Jumatatu yake naenda dukani kwa mdogo wake kupima misumari.

Mdogo wake! Huyu shemeji ndiye niliyemfunga tai mimi mwenyewe siku ya harusi yangu, analia kwa sababu viatu vinambana. Leo ana duka la vifaa vya ujenzi, na tumbo la kuendana nalo. Nimekubali sharti bila kupepesa macho. Kisha nikaingia chooni, nikatetemeka kidogo.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimechora ramani nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Kazi safi! Uso wa banda utatazama barabarani, wapita njia waone. Nyuma itaegemea ukuta wa jirani. Na sasa siri ya kitaalamu: sakafu ya viota itainama kuelekea nyuma. Kuku anataga, yai linateremka lenyewe taratibu, linafika mwisho, linazuiwa na ubao mrefu. Hakuna kupapasa kwenye viota. Hakuna kudonolewa. Nilipomaliza nilijitazama kwenye kioo cha bafuni nikamwona mhandisi.

Mke wangu aliiangalia ramani, akauliza kwa nini mlango uko mbele na mayai yako nyuma, tena nyuma penyewe ni ukutani. Nikamjibu kwamba ramani haisomwi kwa pupa.

Jioni Shemeji ameleta mbao, mabati na wavu kwa mkokoteni. Meno yote nje. Ananiita mzee, na uzee bado sijaufikia! Ameleta pia aproni ya kijani ya dukani kwake. Kanipima kwa macho, kasema hii itanitosha, kaitundika msumarini karibu na mlango wa jikoni. Eti isije ikatafutwa. Nimeigeuza itazame ukuta.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Fundi amekuja! Mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, kwa sababu inayojulikana na kila aliyewahi kumpa kazi. Nimempenda papo hapo. Haulizi maswali. Nikasema miguu iwe mirefu, akasema ndiyo mzee. Nikasema labda iwe mifupi, akasema ndiyo mzee. Nikasema hapana, mirefu kupita ukuta, la sivyo banda halitaonekana kutoka upande wa pili. Akasema ndiyo mzee, hicho ndicho alichokuwa anafikiria. Hatimaye mtu anayenielewa.

Jirani naye hakukosa. Nimempa jina Bwana Pole. Huyu mtu anapoza kila kitu chini ya mbingu. Aliweka kidevu juu ya ukuta akaniambia pole na kazi. Kisha pole na jua. Nyundo ikanipiga kidole gumba: pole sana. Nikamwambia si kitu, akasema pole hata hivyo. Nusura nimrushie nyundo.

Nikatumia nafasi hiyo kumweleza kuhusu lundo lake la majani. Kila akifyeka uwanja wake anarundika majani makavu pale pale chini ya ukuta. Nikasema lundo hilo litaleta panya na kuaibisha banda langu. Akaahidi kuliondoa. Nikamwomba pia nyuma ya banda ichungulie kidogo juu ya ukuta wake, maana litakuwa pana kuliko nilivyopima. Akasema hamna shida, ujirani ndio huo, na pole kwa kuhangaika kuuliza.

Mtu mpole kiasi hicho lazima ana jambo.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Jana sikuandika. Mgongo. Fundi naye alisema kesho.

Leo banda limesimama! Miguu juu, paa la bati linang'aa, wavu umevutwa barabara. Nikivuka barabara na kuligeukia, moyo unanienda mbio. Watu wawili walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama ni kibanda cha kuuzia tiketi.

Tatizo moja dogo. Ubao umebaki mmoja tu, mrefu, mzuri, uliopigwa randa. Kwenye ramani ulikuwa wa kuzuia mayai kule nyuma. Lakini nilipoushika niliona uso wake ulivyo laini, nikajua umezaliwa kuwa kibao. Nimeupaka rangi nyeupe na kuandika kwa herufi nyekundu: MRADI WA KUKU WA KISASA. ONANA NA MKURUGENZI. Tumeupigilia mbele, juu ya mlango.

Mke wangu ameuliza cha kuzuia mayai ni nini. Nikamwambia mradi bila kibao ni sawa na mtu bila uso, kizuizi kitafuata. Fundi akaunga mkono. Akasema kesho.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Siku ya uzinduzi. Kuku wamegoma! Wamesimama chini ya ngazi wanaitazama kama wazee waliopewa fomu. Nikampandisha Mwenyekiti kwa mikono miwili. Akaruka chini na kunipitia usoni.

Nikakumbuka kwamba kiongozi huonyesha njia. Nikapanda ngazi mwenyewe, nikaingia kwa magoti, nikalia kikuku ili wanifuate. Barabarani pakawa na vicheko. Suruali ikanasa kwenye wavu. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Bwana Pole akatokeza kidevu. Sina haja ya kuandika alichosema.

Jambo moja la maana lakini. Nilipokuwa nimenasa humo, kalamu yangu ilidondoka kwenye viota. Ikateremka taratibu, ikaenda, ikapotea. Mwinamo unafanya kazi! Nilifurahi mpaka nikasahau suruali.

Mke wangu alikuja na bakuli la mahindi, akalimwaga kwenye ngazi, kuku wakapanda wote kwa mstari. Nimemwambia kwamba walishaanza kunielewa.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Hakuna yai. Jana hakuna, leo hakuna. Hata moja! Kuku hawa hawa walitaga stoo, kwenye viatu vyangu, kwenye kofia yangu, popote pasipotakiwa. Leo wana jumba lao na hawatagi.

Nimemweleza mke wangu kwamba ni ugeni tu, kuku amehama nyumba lazima atulie kwanza. Mke akasema wanalia kila asubuhi ule mlio wa kutaga. Nikasema wanafanya mazoezi.

Bwana Pole amenisimamisha getini. Badala ya pole akasema asante. Asante sana jirani, hukuwa na haja ya kufanya vile. Nikamwambia ni kawaida yangu. Nadhani anazungumzia mandhari. Mtu aliyezoea kutazama ukuta mtupu sasa anatazama kazi ya mhandisi, lazima ashukuru.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Hakuna.

Nimewaita kuku wote na kuwahutubia. Nimewaeleza kuhusu Mama Mikate, kuhusu Jumamosi, kuhusu aproni. Sikuwaficha kitu. Mwenyekiti alipiga miayo. Sikujua jogoo hupiga miayo.

Ninamshuku Shemeji. Nani anafaidika mimi nikishindwa? Yeye! Anapata mpima misumari mwenye uzoefu. Amepita leo eti kumsalimia dada yake, akazunguka banda mara mbili huku anaguna. Nikamuuliza anaguna nini. Akasema anastaajabu tu. Mikono yake niliiangalia alipotoka. Mitupu. Mifuko sikuiangalia, na hilo linaniuma.

Halafu lundo la majani! Nimechungulia nikaona limekuwa kubwa zaidi, tena limepangwa vizuri na kutandazwa kama godoro. Nilimwomba aliondoe, yeye analinenepesha. Hii ni dharau ya wazi.

Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Nimepata dawa. Kuku akiona yai kiotani hupata hamu ya kutaga la kwake. Sina yai, lakini nina akili. Nimeokota jiwe la mviringo, nikalipaka chokaa, likatoka yai kamili. Hata mke wangu alilishika akadanganyika kidogo, ingawa anakataa. Nimeliweka kiotani mchana.

Alasiri nimekaa mbele ya banda kwenye kiti, fimbo mapajani, kulinda. Hakupita nguchiro. Hakupita panya. Hakupita Shemeji. Watu walipita wengi wakisoma kibao, na mmoja akaulizia mkurugenzi. Nikasimama. Akataka kujua kama kuna choo cha umma karibu.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba

Jiwe limeibwa!

Mwizi gani huyu anayeiba mawe? Nimekagua mlango, komeo, wavu. Kila kitu kiko salama. Nimekagua mbele yote, kushoto na kulia. Nimepekua hata chini ya Mwenyekiti, na nina alama mkononi.

Bwana Pole amekuja na bakuli la mayai ya kuchemsha. Akampa mke wangu, akasema asante tena, akaongeza kwamba lile moja lilimshinda. Alilichemsha asubuhi nzima, halikuiva. Alilipiga kwa kijiko, kijiko kikapinda. Namhurumia. Uzee unaingia kwa namna nyingi. Nikamwambia pole. Ilikuwa tamu kuisema mimi kwanza.

Mke wangu alichukua yai moja kwenye bakuli, la kahawia lenye madoadoa. Ana kuku mmoja anayetaga mayai ya madoadoa namna hiyo. Akaligeuza, akaligeuza tena, akanitazama mimi, akatazama dirishani, akatazama banda. Kisha akajifunga kanga yake akaenda kwa jirani, eti kurudisha bakuli. Alikaa huko muda mrefu. Karudi anatabasamu peke yake. Nilimuuliza kulikoni, akasema nile mayai yangu.

Anaanza kujivunia mume wake. Anaficha tu.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Hakuna yai. Kesho ndiyo siku.

Leo niandike bila mbwembwe. Naogopa. Si misumari ninayoiogopa, wala Shemeji. Naogopa asubuhi. Mke wangu huamka akiwa na la kufanya: kuku, maji, wateja. Mimi huamka nikaitazama saa ya ukutani ya kiwanda, iliyoandikwa asante kwa utumishi wako, inayoniambia nimechelewa na sina ninapochelewa kwenda. Siku hizi za banda nimeamka kabla ya Mwenyekiti. Hata kidole kilichopigwa nyundo nilikipenda.

Basi nimefanya nilichofanya. Nimeishusha saa ukutani, nikaifunga kwenye gazeti, nikaipeleka kwa muuza mayai wa sokoni. Amenipa trei za kutosha. Ni mayai meupe, ya kwetu ni ya kahawia, lakini Mama Mikate anayavunja kwenye unga, hayatazami usoni. Nimezificha chini ya kitanda. Mke wangu ameuliza saa iko wapi. Nikasema imekwenda kupumzika.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba

Nitaandika kama ilivyotokea, historia ije ihukumu.

Asubuhi mapema nilipanda ngazi na trei. Nikapanga mayai kwenye viota, mawili hapa, matatu pale, kwa ustadi, yasionekane yamepangwa. Nikashuka kuchukua trei nyingine. Nikapanda, nikaona viota vya mwanzo kama vina nafasi, nikaongeza. Nikashuka, nikapanda, nikaongeza. Nilishangaa banda lilivyo na uwezo mkubwa. Trei zote ziliingia na bado palionekana pana nafasi! Nikafunga mlango, nikaenda kuvaa koti.

Mama Mikate alifika na matenga yake. Shemeji alifika pia, hakualikwa na mtu. Nilisimama chini ya kibao nikatoa hotuba fupi kuhusu mustakabali. Nikafungua mlango wa viota kwa mkono mmoja, bila kutazama, kama wafanyavyo watu wenye uhakika.

Mama Mikate akachungulia, kisha akanitazama mimi.

Nikatazama. Patupu! Unyoya mmoja tu.

Ndipo kidevu cha Bwana Pole kikatokea juu ya ukuta, na chini ya kidevu tenga limejaa. Uso wake uling'aa kwa shukrani. Akasema asante jirani, lakini leo mmezidisha, yamekuja kama mvua, hata meupe yamo! Hakuwahi kuona ukarimu wa namna hii kwa sababu ya kuegemeza banda ukutani tu. Amekula machache, mengine ameyatunza kivulini, maana ni mengi mno kwa mtu mmoja. Lundo la majani ameliongeza, mayai yakidondoka yasipasuke. Na jiwe langu hili hapa, na kalamu.

Shemeji alikaa chini. Si kwa kupenda, miguu ilimwishia kwa kucheka. Fundi Kesho, aliyekuwa amekuja kuweka kizuizi leo, akasema ndiyo, ndiyo, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mama Mikate hakucheka. Alizunguka kwa jirani, akakagua tenga moja baada ya jingine. Hakuna yai lililopasuka! Hakuna lenye kinyesi! Akasema hajaona mayai safi kiasi hicho, akauliza kifaa hiki kimebuniwa na nani. Niliinua mkono. Nauandika ukweli huu kwa wino mzito: niliinua mkono, na aliniinamishia kichwa kwa heshima. Akachukua yote. Atachukua kila wiki.

Nikamgeukia mke wangu. Nikasema sharti limetimia, banda limefanya kazi, mradi ni wangu. Akasema banda halina tatizo lolote. Mwenye tatizo ni mkurugenzi. Akasema ameshazungumza na jirani tangu Alhamisi: mayai yaendelee kuteremkia kwake, ayakusanye yeye, wagawane kwa haki. Jirani ana mkono mtulivu na anasikiliza anachoambiwa. Nikauliza mimi je. Akaniangalia kwa upole kuliko nilivyotegemea, akaenda jikoni, akarudi na aproni.

Nilikuwa nimeshikilia trei tupu. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda kutoka miguuni. Bwana Pole akaniambia pole. Wiki mbili nzima nimezichukia pole zake, na hii ya leo ilinifika mahali pake.

Jumatatu, tarehe 20 Oktoba

Siku ya kwanza dukani. Aproni inabana kifuani.

Nimeamka kabla ya Mwenyekiti. Hilo nitalikiri. Nimepima misumari, nimekata waya, nimemweleza mteja mmoja tofauti ya bawaba na komeo, akanishukuru, akaniita fundi. Sikumsahihisha.

Nilipoinua macho kutazama muda, nikakuta saa yangu ya kiwanda imetundikwa juu ya kaunta. Shemeji aliifuata sokoni. Mke wangu alijua nilikoipeleka, kumbe trei chini ya kitanda aliziona tangu Ijumaa. Shemeji akasema tu kwamba duka lilikuwa halina saa. Nilitaka kusema asante. Nikasema imepinda.

Mchana, wateja walipopungua, nimefikiria yote kwa kichwa kilichotulia. Kosa nimeliona. Mwinamo ulikuwa sahihi, mayai yaliteremka, shahidi ni Mama Mikate mwenyewe. Kibao kilikuwa kizuri. Kosa lilikuwa jirani! Ukiweka jirani nyuma ya banda lazima achukue.

Nimechora ramani mpya kwenye karatasi ya kufungia misumari. Banda la bata. Ghorofa mbili! Fundi Kesho aliingia kununua gundi, nikamwonyesha, akasema ndiyo mzee. Shemeji akachungulia begani kwangu, akatazama mwinamo ulivyogeuzwa, akauliza safari hii mayai yatateremkia wapi.

Nikamwambia atulie, hilo ndilo la kwanza nililoshughulikia. Mbali kabisa na jirani. Yanakwenda mbele, moja kwa moja, barabarani.